Jinsi ya kujifunza kuridhika: maelekezo kwa wanawake wa soko

Kila mwezi ukipevuka, Ziwa Viktoria hutunyima. Omena huvuliwa usiku wa giza: wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wadogo wakaifuata nuru, nyavu zikawazingira. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti tena na mitumbwi mingi hulala ufuoni. Gunia linapanda bei, na sisi tunaouza kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, pale soko la Kibuye tunabaki na faida kiduchu. Siku chache baadaye giza linarudi, omena inamwagika, bei inashuka, wateja wa Kakamega na Luanda wanabeba kwa magunia. Hayo ndiyo maisha yetu hapa Kisumu, juu na chini.

Nimeuza omena tangu nikiwa msichana, na kanisani kwetu, Waadventista, ndimi ninayewafundisha kina mama wa Dorkasi, kundi letu la kuwahudumia wahitaji. Dada zangu wadogo wa sokoni hawaniulizi sana habari za bei. Huniuliza, “Mama, unafanyaje mpaka ukalala?” Nimeandika haya kwa ajili yao, na kwa yeyote ambaye pesa yake huja bila kubisha hodi na kuondoka bila kuaga, awe wa boda boda, wa mboga au wa kibarua.

Paulo alisema amejifunza

Usisubiri uamke siku moja ukute moyo umetulia wenyewe. Paulo anawaandikia Wafilipi, “nimejifunza kuwa radhi na hali yo yote niliyo nayo” (Wafilipi 4:11). Mtume mzima, na bado alilazimika kujifunza. Mstari unaofuata anayataja masomo yenyewe: kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Wengi wetu tunadhani linalohitaji neema ni lile la njaa peke yake. La kushiba nimeliona likiwaangusha watu wengi zaidi, na nitalirudia huko mbele.

Ninapoifundisha barua hii, huwaambia kina mama watazame kwanza ni nani aliyeiandika na ilipelekwa kwa nani. Mwandishi yuko kifungoni. Anavitaja vifungo vyake tangu sura ya kwanza. Kwa kazi alikuwa fundi wa kushona mahema (Matendo 18:3), kwa hiyo anajua maana ya mikono kuuma usiku. Na kanisa la Filipi lilianzia kando ya mto, siku ya sabato, kwa wanawake waliokutana kuomba. Yule tunayeambiwa kwamba Bwana aliufungua moyo wake pale alikuwa mwanamke wa biashara, Lidia wa Thiatira, muuzaji wa rangi ya zambarau (Matendo 16:13-15). Maneno haya ya kuridhika yalipelekwa kwa watu wanaolijua soko. Mtu asikwambie kwamba ni ya watawa, au ya wasio na karo ya kulipa.

Juma hili, kariri Wafilipi 4:11-13 yote mitatu, uiseme kwa sauti ukiwa njiani asubuhi. Ule wa 13, “nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu,” umebandikwa kwenye matatu na kwenye fulana, na watu huutumia kuombea ushindi. Usome pamoja na wenzake. Paulo anasema amepewa nguvu za kuwa na vingi asilewe navyo, na za kukosa asivunjike.

Pishi yako ni kiasi gani?

Hapa nitakaa kwa muda, maana bila hatua hii yale mengine hayashiki.

Wana wa Israeli jangwani waliambiwa waokote mana kila mtu kwa kadiri ya ulaji wake, pishi moja kwa kila kichwa (Kutoka 16:16). Ile waliyoiweka mpaka asubuhi iliingia mabuu ikanuka. Mtu wa omena anaijua harufu hiyo: mvua ikiikuta chini haijakauka, kesho yake inaitwa chakula cha kuku. Kinachonigusa katika sura hiyo ni kwamba Mungu alitaja kipimo. Hakuwaambia waokote mpaka waridhike. Alijua moyo wa binadamu haujui wenyewe ulipojaa, mpaka uambiwe.

Basi na wewe jiwekee kipimo. Jumamosi usiku, Sabato ikishafungwa, keti na daftari na kalamu. Simu iweke mbali. Andika mahitaji ya mwezi mmoja, ya nyumba yako, si ya dada yako aliye Nairobi. Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto watatu anayepanga chumba Manyatta. Chakula na makaa, shilingi 350 kwa siku, kwa mwezi ni 10,500. Kodi 4,000. Karo, ikiwekwa kidogo kidogo, 3,000. Chama, kile cha akiba cha kina mama, 2,000. Nauli na maji 2,000. Dharura, kwa maana ya homa ya mtoto au mchango wa matanga, 1,000. Jumla ni 22,500. Sasa zaka: ili abaki na hizo 22,500 baada ya kutoa fungu la kumi, faida yake yapaswa kufika 25,000, na zaka ni 2,500. Sabato hauzi, na siku moja mbili atakuwa msibani au mgonjwa, kwa hiyo mpe siku 25 za soko. Anahitaji faida ya shilingi 1,000 kwa siku. Hiyo ndiyo pishi yake.

Nasema faida. Pesa ya kununulia gunia lijalo haimo humo, na usithubutu kuila. Itenge kila jioni kabla hujahesabu kingine chochote.

Ukishaijua pishi yako, fanya hivi sokoni. Mimi nina mfuko wa mbele wa aproni na kibeti ninachokifunga kiunoni. Pesa yote huingia kwenye aproni. Nikikadiria kwamba pishi ya leo imetimia, hata kama ni saa saba mchana na watu bado wanamiminika, nasimama nasema kwa sauti ya kusikika na masikio yangu mwenyewe: “Bwana, leo imetosha. Erokamano,” yaani asante kwa Kijaluo. Kisha naendelea kuuza kama kawaida, ila kinachoingia kuanzia hapo naenda kukiweka kibetini. Pesa ya kibetini haiko njiani kuniletea amani, kwa sababu amani imekwisha kuja. Hukaa pale ingoje kazi yake, nayo nitaieleza.

Unapolitamka lile neno “imetosha,” litamke kweli. Wanawake wengi niliowafundisha huona haya mara ya kwanza, maana sokoni tumezoea kulalamika hata siku njema. Ukiulizwa “soko liko vipi?” mdomo unajibu wenyewe kwamba leo hakuna kitu, na huku aproni imejaa. Kuna kuogopa jicho la watu ndani yake, na kuna kuogopa wakopaji, nawaelewa. Lakini ulimi ukisema kila siku kwamba hakuna kitu, moyo husikia ukaamini. Jibu la kweli na la heshima lipo: “Namshukuru Mungu, tumepata ya leo.” Hujataja kiasi, na hujamnyima Mungu sifa zake.

Siku ambayo pishi haikutimia, andika pengo lake kwenye daftari. Kama ni 400, andika 400. Omba usiku huo daftari likiwa wazi mbele yako. Mwezi ukiisha, jumlisha. Utaona siku za giza zimezilipa siku za mbalamwezi kwa kiasi kikubwa, na utaona pia kwamba ulikuwa ukihukumu mwezi mzima kwa Jumanne moja mbaya. Hofu nyingi ya sokoni hutokana na hesabu ya siku moja.

Nikiwa bado kwenye vipimo: gorogoro lako lisiwe limegongwa kitako likaingia ndani. Sote tunaujua mchezo huo. “Vipimo vilivyo sawasawa” humpendeza Bwana, ndivyo isemavyo Mithali 11:1, na mtu anayemwibia mteja konzi moja ya omena hawezi kusema “imetosha” na kumaanisha.

Mwezi ukiwa mpevu

Kalenda nyingi za ukutani zina alama za mwezi. Zungushia duara zile siku za mbalamwezi, na kuanzia Aprili mpaka mwisho wa Julai, ambapo uvuvi wa omena kwa upande wetu hufungwa ili samaki wazaane, chora mstari mrefu. Wakati huo tunategemea inayovuka mpaka kutoka Tanzania na Uganda, na bei yake si ya kila mtu. Siku za kupungukiwa zinazojulikana zisikukute kama mgeni wa usiku. Ziombee mapema, zipangie mapema, tafuta kitu cha kuuza kando: nyanya, mahamri, njugu. Imani haikatazi kupanga. Yesu alikataza kuisumbukia kesho (Mathayo 6:34), na mtu aliyekwisha kupanga ana kisumbufu kimoja pungufu.

Siku yenyewe ikifika, mambo matatu yamenisaidia mimi na wenzangu.

Mwambie Mungu ukweli kabla hujamwambia jirani. Zaburi zimejaa watu waliolia mbele zake, na hakuna aliyefukuzwa. Kuridhika hakukuzuii kulia. Mama aliyefiwa na mtoto asiambiwe aridhike. Akae nasi, apikiwe, aombewe, na maneno ya kuridhika yangoje miezi.

Kisha kula kilichopo kwa shukrani kamili. Ukiwa na ugali na mboga ya osuga, piga magoti juu ya ugali na osuga. Usiombe juu ya sahani hiyo huku ukiwaomba watoto radhi kwa kukosa nyama. Watoto hujifunza umaskini kutoka usoni mwetu kabla hawajaujua kwenye sahani. Paulo anamwandikia Timotheo, “tukiwa na chakula na nguo tutaridhika na vitu hivyo” (1 Timotheo 6:8). Mimi mstari huo nauchukua jinsi ulivyo. Nguo iko, chakula kiko. Basi juu ya vitu hivyo viwili naanza kushukuru, na mengine nayaomba nikiwa tayari nimeshukuru.

La tatu ni gumu kwa watu wenye fahari kama sisi. Omba msaada, na ukipewa, upokee. Watu husahau kwamba sura ile ya kuridhika ni barua ya shukrani. Wafilipi walikuwa wamemtumia Paulo mahitaji yake kwa mkono wa Epafrodito (Wafilipi 4:18), na anawakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimtumia, zaidi ya mara moja. Mtu aliyeridhika kuliko wote katika Agano Jipya baada ya Bwana mwenyewe alikuwa anapokea michango. Basi nenda chamani useme, “Wenzangu, mwezi huu sina.” Ni afadhali mara mia kuliko ule mkopo wa simu wa saa tano usiku, unaobonyezwa gizani bila mtu kujua, ukakatwa asubuhi mteja wa kwanza anapolipa. Kama tayari umo kwenye mikopo hiyo, iandike yote kwenye daftari, kila mmoja na tarehe yake, ulipe ule mdogo kwanza, na umwonyeshe mwanamke mmoja mzima unayemwamini. Deni la siri linakula usingizi kuliko deni kubwa.

Giza likirudi

Sasa lile somo la kushiba. Omena imejaa, gunia ni rahisi, Jumapili Kibuye haina pa kuweka mguu, na kibeti kinavimba. Hapo ndipo nimeona ndoa zikitikisika na madeni mapya yakizaliwa. Mtu anapanda kutoka chumba kimoja hadi viwili kwa nguvu ya majuma mawili mazuri. Anachukua kochi kwa malipo ya polepole. Anamhamisha mtoto shule muhula unapoanza. Mbalamwezi inamkuta juu ya mti.

Kibeti kipewe kazi kabla hakijajaa. Mimi nakigawa mafungu matatu. La kwanza ni la mtu mwingine, na huenda nje ya nyumba yangu kabla sijayagusa yale mawili: gorogoro kwa mjane wa mtaani, daftari za mtoto wa shemeji, mfuko wa Dorkasi. La pili ni mtaji. La tatu ni kuziba mapengo ya siku za mbalamwezi. Ukiona mafungu hayo hayana la kujifurahisha, liongeze. Mungu hakukataza kitambaa kipya cha makambi ya kanisa ya Agosti. Lakini lile la mtu mwingine liwe la kwanza, maana kutoa kukichelewa hadi mwisho hukuta mkono umekwisha kufunga.

Na kanuni moja ninayoisimamia bila huruma: kitu kikubwa usikinunue mpaka mwezi mpevu mmoja upite. Umekitamani leo wakati wa giza? Kiandike. Mbalamwezi ije, bei ya gunia ipande, upungukiwe kidogo, kisha giza lirudi. Kama bado unakitaka na pesa yake bado ipo, nunua kwa amani, ukae juu yake na umshukuru Mungu. Mara nyingi utakuta umekisahau. Nimewaona kina mama wakifungua ukurasa wa daftari wakashangaa kwamba kabati lile la vioo walilililia mwezi jana hata hawalikumbuki rangi yake.

Mhubiri 4:6 inasema, “Heri konzi moja pamoja na utulivu, kuliko konzi mbili pamoja na taabu.” Usome mstari huo wakati kibeti kimejaa. Njaani mstari huo hauna mjadala.

Ijumaa kabla ya jua kuzama

Hili ndilo linalonishika mimi kuliko yote. Ningeambiwa nichague hatua moja ya kumfundisha mtu, ningemfundisha hii.

Hapa kwetu jua huzama kati ya karibu saa kumi na mbili na nusu na saa moja mwaka mzima, hatuna kisingizio cha msimu. Ijumaa kwetu ni siku ya maandalio. Asubuhi naloweka maharagwe kabla sijatoka. Saa tisa alasiri naanza kupunguza: sifungui gunia jipya, nauza lililofunguliwa. Saa kumi napepeta iliyobaki mezani, nairudisha gunia, nalifunga kamba, nafunika kwa turubai na kuweka mawe pembeni. Wakati huo huo watu wa mishahara ndio wanapitia sokoni wakielekea nyumbani. Wanasimama. “Mama, nipimie ya hamsini tu.” Jirani yangu wa kushoto anawapimia. Nami nafunga kamba.

Hapo ndipo kuridhika kunapofundishwa mikononi, kwenye hiyo fundo ya kamba, mteja akiwa amesimama na noti yake. Unaambia mwili wako kwamba nyumba yako hailishwi na gorogoro. Jangwani ile pishi ya siku ya sita ilikuwa mara mbili, nayo haikunuka (Kutoka 16:22-24). Sikuahidi kwamba Ijumaa yako italeta mara mbili. Wakati mwingine haileti. Nakuambia kwamba ukifunga kamba hiyo juma baada ya juma, hofu iliyokuwa inakuamsha saa nane za usiku hupungua nguvu, kwa sababu umeizoesha kukataliwa.

Nyumbani, maharagwe yako motoni, chapati zinapigwa, nguo za kanisani zimenyooshwa na zimening’inia, viatu vimepakwa rangi mlangoni. Watoto wameoga. Chai iko kwenye thermos. Simu ya biashara naizima, si kuinyamazisha, kuizima. Tunafungua Sabato kwa wimbo, kila mtu anataja kitu kimoja cha juma kilichomfurahisha, hata mdogo kabisa, na mara nyingi cha mdogo ndicho kinachotuliza: mbuzi amezaa, mwalimu amemsifu, amepewa mua. Hatutaji bei ya gunia mpaka jua lizame kesho yake. Ni sheria ya nyumba na wageni wanaijua.

Ndugu zangu wa Jumapili, mnaoabudu kule Mtakatifu Theresa au kanisa lolote lingine, naujua mzigo wenu, maana Jumapili ndiyo siku kuu ya Kibuye. Sitaki kubishana nanyi hapa juu ya siku. Nawashauri jambo moja: pumziko lenu lisiwe la vipande, saa mbili za ibada na huku umemwachia mtoto meza na unamtazama kwa dirisha la simu. Kama kweli huwezi kuikosa Jumapili yote sokoni, basi tafuta saa za kukaza kamba, zijulikane, zitangazwe kwa wateja, na usizivunje kwa ajili ya noti. Wateja huzoea. Wangu walizoea, wengine sasa hunikumbusha wenyewe, “Mama, Ijumaa hii, harakisha.”

Jirani yako wa kushoto

Meza yake inauza, yako haiuzi. Omena ni ile ile, ufuo ni ule ule. Jambo hili ni dogo kulieleza na ni kubwa kulibeba.

Baada ya kifungua kinywa cha samaki na mkate ufuoni, Petro alimgeukia Yesu akauliza habari za mwanafunzi mwingine: na huyu je? Bwana akamjibu, “imekupasaje wewe? Wewe unifuate mimi” (Yohana 21:22). Niliposikia hayo kwa mara ya kwanza nilifurahi kwamba yalisemwa pwani ya ziwa, kati ya watu wa samaki, ambao kutazama chombo cha mwenzao ni kazi yao ya kila asubuhi.

Fanya mambo mawili. Mwombee jirani huyo kwa jina kila asubuhi kabla ya kutandika meza, umwombee auze. Kisha siku umeishiwa, mteja akija, mshike mkono umpeleke kwake mwenyewe. Wivu haupendi kazi ya aina hiyo. Na zile picha ambazo watu hupachika kwenye WhatsApp, za keki na magari na watoto waliovaa joho, usizifungue kabla ya maombi ya asubuhi. Ukizifungua mchana, mpe kila mtu pongezi ya kweli au upite.

Usichanganye kuridhika na kunyamaza

Nimeacha hili mwisho kwa sababu limetumika vibaya dhidi yetu. Mwanamke akilalamika kuhusu dhuluma anaambiwa aridhike, Biblia imesema. Biblia haikusema hivyo.

Katika mji ule ule wa Filipi, Paulo na Sila walipigwa hadharani bila kuhukumiwa wakatupwa gerezani. Usiku wa manane walikuwa wakiomba na kumwimbia Mungu. Asubuhi mahakimu wakatuma watu wawafungue waende zao kimya kimya. Paulo akakataa. Alisema wao ni raia wa Rumi, wamepigwa bila hukumu, na waliowafunga waje wenyewe wawatoe (Matendo 16:35-39). Mahakimu wakaja, wakawasihi. Mtu aliyeweza kuimba na mgongo ulioraruka ndiye aliyedai haki yake asubuhi. Yote mawili yalitoka kwenye moyo mmoja.

Wanawake wa ziwa wanajua ninapoelekea. Jaboya bado ipo: mvuvi kumtaka mwanamke mwili wake kwanza ndipo amuuzie samaki. Imetuachia makaburi na mayatima, na virusi vya ukimwi vimepitia mlango huo kwa muda mrefu. Dada, hapo usiridhike. Mungu hakukupimia pishi hiyo.

Wapo waliokataa. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, wanawake wa ufuo wa Nduru, upande wa Nyamware, walitafuta mitumbwi yao wenyewe, wakawaajiri wanaume wavue, samaki wakawa wao. Ziwa lilipofura mwaka wa 2020 maji yaliwatoa makwao na mitumbwi mingine ikaharibika, na hilo linaumiza kulisema. Lakini walikwisha kutuonyesha sote kwamba mwanamke anaweza kusimama ufuoni kama mwenye mali.

Mtumbwi huna? Anza na gunia. Watafute wanawake wanne au watano wa chama chako, kila mmoja aweke anachoweza, mnunue pamoja. Nendeni ufuoni wawili wawili, asiende mmoja peke yake, na msiende usiku. Bei muifanye hadharani mbele ya kamati ya ufuo, ile tunayoiita BMU, mlipe papo hapo, mwandike jina la mtumbwi na kiasi. Mvuvi akikataa kuwauzia kwa sababu hiyo, mpelekeni kwa mwenyekiti wa kamati siku hiyo hiyo, na mkija na mzee wa kanisa au mama wa Dorkasi mtasikilizwa haraka zaidi. Kama umo ndani ya jaboya sasa hivi na unaogopa, njoo kwa mwanamke yeyote wa kundi letu siku yoyote, hata Sabato. Huulizwi chochote kwanza. Utaketi, utakula, kisha tutatazama pamoja pa kupata sehemu yako ya gunia la Jumapili.